Programu za zamani: zipaliliwe au zing'olewe?

MKULIMA wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, akiwa na mchungwa uliozeeka katikati ya ndizi na mdalasini, haung'oi kwa pupa. Kwanza hutazama kama bado unazaa, ni nani wanaokula matunda yake, na kama kivuli chake kinadumaza miche iliyo chini. Huenda akaupogoa na kuuacha misimu mingine miwili. Huenda akaukata na kupanda mkarafuu mahali pake. Na kama shamba ni la ukoo, hana budi kuuliza wenzake kabla ya kushika shoka.

Watengenezaji wa programu za kompyuta na simu nao hufikwa na uamuzi wa aina hiyo kila mwaka. Programu ikitumika kwa muda mrefu hukusanya vipengele vingi vya zamani: njia ya kufungua mafaili ya miaka ya nyuma, uwezo wa kufanya kazi kwenye simu zilizokwisha kuachwa madukani, vitufe ambavyo watu wachache huvibonyeza. Kila kimoja kinahitaji mtu wa kukitunza. Siku inafika watengenezaji wanaulizana: kiachwe au kiondolewe?

Tofauti yao na mkulima ni kwamba wao mara nyingi hawawaoni wanaokula matunda ya mti wao. Anayeamua anaweza kuwa Marekani, Ujerumani au India. Anayeathirika anaweza kuwa mnunuzi wa iliki mwenye simu ya vibonye, au katibu wa chama cha msingi cha ushirika anayeweka hesabu za wanachama kwenye kompyuta ya mtumba.

Kitochi kimoja, programu mbili

Mfano ulio karibu ni simu ya Smart Kitochi, ambayo Vodacom Tanzania iliingiza sokoni mwaka 2019. Ni simu ya vibonye, lakini ina intaneti. Mfumo unaoiendesha unaitwa KaiOS. Mwaka huo huo programu ya WhatsApp ilianza kupatikana kwa wingi kwenye simu zenye mfumo huo. Kwa mtu ambaye hakuwa na fedha ya simu janja, huo ulikuwa mlango. Kwa simu ya namna hiyo mnunuzi aliyekuwa mjini Morogoro aliweza kupokea picha ya maganda ya mdalasini kutoka mlimani, akataja bei, na mkulima akajua kama safari ya kushusha mzigo ina maana.

Juni 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikasimama hata kwa waliokuwa nayo. Simu haikuharibika. Inapiga, inapokea, tochi inawaka, na kutuma fedha kwa menyu ya namba kunaendelea kama kawaida. Kilichofungwa ni kile kikundi cha bei na picha. Anayetaka kurudi humo anatakiwa kununua simu nyingine.

WhatsApp ni mali ya kampuni, na maandishi ya msingi ya programu hiyo ni siri ya kampuni. Kampuni ikiamua kuacha simu za aina fulani, hakuna fundi wa nje, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuichukua na kuendelea kuitunza kwa ajili ya simu hizo.

Sasa tazama historia ya huo mfumo wa KaiOS wenyewe. Ulizaliwa kutokana na Firefox OS, mfumo wa simu uliotengenezwa na Mozilla, shirika lile lile lenye kivinjari cha Firefox. Simu za kwanza za Firefox OS ziliuzwa mwaka 2013. Hazikupata soko walilotarajia, na Desemba 2015 Mozilla ikatangaza kuacha kuziuza kupitia kampuni za simu. Kwa desturi ya programu za siri, hadithi ingeishia hapo. Lakini Firefox OS ilikuwa programu huria. Maandishi yake yalikuwa wazi kwa yeyote kuyachukua. Kampuni nyingine iliyachukua, ikayaboresha yafae simu za vibonye, na mwaka 2017 KaiOS ikatoka. Baada ya miaka miwili ilikuwa mikononi mwa wateja wa Tanzania. Machi 2020 Mozilla na KaiOS wakatangaza hata kushirikiana kuusasisha moyo wa mfumo huo.

Kwa hiyo ndani ya kitochi kimoja mna mafunzo mawili. Kitu kilichoachwa na mwenyewe kilifufuka kwa sababu kilikuwa wazi. Kitu kingine kilichoachwa na mwenyewe kilikufa kwa sababu kilikuwa siri.

Programu huria ni nini

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya msingi yako wazi. Mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadilisha na kuyasambaza kwa masharti yaliyoandikwa. Mara nyingi haiuzwi, ingawa huria haina maana ya bure tu. Jambo kubwa ni ile ruhusa.

Watanzania hawakuanza jana katika jambo hili. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kuiomba kampuni kubwa itafsiri. Ruhusa ilikuwepo tayari. Lakini tafsiri nayo ni kama shamba. Kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya, na asipopatikana mtu wa kuyatafsiri, Kiswahili hubaki nusu na Kiingereza kikajaza nafasi. Uhuru wa kutunza si sawa na kuwa na mtunzaji.

Hapo ndipo penye ugumu wa programu huria. Nyingi hutunzwa na watu wachache, wengine wakijitolea baada ya kazi zao za mchana. Kila kipengele cha zamani wanachokibakiza kinakula saa zao. Kinapaswa kujaribiwa kila toleo linapotoka, maelezo yake yaandikwe, na kasoro zake zizibwe. Mkulima anayejua kazi ya kupalilia ekari mbili peke yake ataelewa kwa nini mtu huyo angependa kupunguza shamba.

Hasara ya kuacha kila kitu

Wapo wanaosema jibu ni rahisi: kisiondolewe chochote, maana kila kitu kina mtu wake. Yaliyotokea mwaka 2021 yanaonyesha gharama ya jibu hilo.

Kuna programu huria inayoitwa Log4j, inayotunzwa na watu wa kujitolea chini ya taasisi ya Apache. Kazi yake ni ndogo: kuandika kumbukumbu za yale yanayotokea ndani ya programu nyingine, kama karani anayejaza daftari la ghala. Imewekwa ndani ya mifumo mingi mno duniani, ya makampuni, ya serikali na ya biashara za mtandaoni.

Mwaka 2013 kiliongezwa kipengele kilichomruhusu karani huyo, akikutana na maneno ya namna fulani, kwenda kuuliza maelezo kwenye kompyuta nyingine. Ni wachache waliokihitaji. Kikabaki. Novemba 2021 watunzaji waliarifiwa, na Desemba dunia nzima ikajua, kwamba mhalifu angeweza kutuma mstari mmoja tu wa maneno, karani akauandika, kisha kwa kupitia kipengele hicho akaleta programu ya mhalifu na kuiendesha ndani ya kompyuta. Hatari hiyo ilipewa alama 10 kati ya 10. Watunzaji walifanya kazi usiku na mchana, na mwezi huo huo uwezo huo wa kufuata maneno yaliyomo ndani ya ujumbe ukaondolewa.

Mmoja wa watunzaji alieleza hadharani kwamba wao wenyewe hawakukipenda kipengele hicho, ila walikibakiza wasije wakawavunjia kazi waliokuwa wakikitumia. Ni nia njema, lakini mlango usiotumika ulibaki wazi, na wezi wakaupata kabla ya wenye nyumba kuukumbuka.

Kwa mfanyabiashara mdogo maana yake ni hii: si kila kinachoondolewa ni dhuluma. Programu inayoshika fedha au majina ya watu, yenye vipengele vya kale visivyotazamwa na mtu, ni hatari kwa mwenye fedha hata kama ameizoea.

Matombo na matuta ya 1955

Upande wa pili una ushahidi wake, na Matombo wenyewe wanaujua kuliko wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa matumizi ya ardhi Uluguru. Lengo halikuwa la kubeza, kwani udongo wa milimani ulikuwa ukimomonyoka. Wataalamu waliamua njia ya zamani ya kulima iachwe na wakulima walazimishwe kuchimba matuta ya ngazi.

Waluguru walilalamika kwamba kazi ilikuwa kubwa mno na mavuno hayakuonekana. Palikuwa na sababu ya kitaalamu nyuma ya malalamiko hayo. Sehemu nyingi za milima hiyo zina tabaka jembamba la udongo wenye rutuba. Kuchimba ngazi kulifukia udongo huo na kuleta juu udongo mbovu wa chini. Mkulima alilijua hilo kwa jembe lake. Mpangaji hakulijua kwa ramani yake. Julai 1955 maandamano ya Matombo yaligeuka ghasia na polisi, na baada ya hapo ulazima wa matuta ukaachwa.

Kisa hicho hakihusu kompyuta, lakini kosa ni lile lile linalofanywa na watengenezaji wa programu wakiharakisha. Wanaona kitu cha zamani, wanaona ubaya wake, na hawaoni kazi ambayo kinaifanya kwa mtu aliye mbali. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Mbaya zaidi ni kuutupa mbacha wa mwenzako bila kumwuliza.

Siku hizi watengenezaji wengi hujitetea kwa takwimu. Programu hutuma taarifa kupitia intaneti kueleza ni vitufe vipi vinabonyezwa na ni simu za aina gani zinatumika. Kipengele kikionekana kinatumiwa na watu wachache, kinawekwa kwenye orodha ya kuondolewa. Lakini nani huhesabiwa? Kompyuta isiyounganishwa na intaneti haitumi taarifa. Mtu anayenunua kifurushi siku za soko tu huonekana mara chache. Mradi wa Debian, ambao ni mmoja wa miradi mikongwe ya programu huria, una hesabu yake ya matumizi, lakini ni ya hiari: anayehesabiwa ni yule aliyekubali na aliyeunganishwa.

Hivyo mtu anayehitaji zaidi njia ya zamani, kwa kuwa simu yake ni ya kale na intaneti yake ni haba, ndiye anayeelekea kukosekana kwenye hesabu. Kwenye takwimu anaonekana kama hayupo.

Muda na sauti

Baadhi ya miradi imejifunza kuondoa kwa utaratibu. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Python ilitoa toleo la 3 Desemba 2008, ambalo halikuelewana kikamilifu na toleo la 2. Mpango ulikuwa toleo la 2 liachwe mwaka 2015. Ilipoonekana watumiaji wengi hawajahama, mwaka 2014 muda ulisogezwa hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 huduma ya toleo la 2 ilikoma kweli. Jumla watu walipewa miaka 11. Waliochelewa hawakuweza kusema hawakuambiwa.

Sauti nayo ina uzito. Juni 2019 kampuni ya Canonical, inayotengeneza mfumo wa Ubuntu, ilitangaza kuacha programu zote za biti 32 kuanzia toleo la Oktoba mwaka huo. Waliokuwa wakitegemea programu za zamani, wakiwemo wanaoendesha programu za Windows ndani ya Ubuntu, walipinga kwa hoja, wakitaja ni programu zipi zingekufa. Katika siku chache kampuni ilirudi nyuma na kukubali kubakiza orodha ya zile zinazohitajika zaidi. Haikubakiza zote. Ilibakiza zilizotajwa.

Mabadiliko kama hayo yanaendelea. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisimikwi tena kwenye kompyuta zenye uwezo wa biti 32 peke yake. Hizi ni kompyuta za kale ambazo nyingine bado ziko kwenye maduka ya kuchapisha barua, shule na ofisi ndogo. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, haikuzimika siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi. Lakini muda wa kupokea marekebisho ya usalama una mwisho, na mwenye kompyuta hiyo ameshapewa ishara ya kujipanga.

Upo pia mfano wa kitu cha kale ambacho hakuna anayethubutu kukiondoa. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na menyu yake ya *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi chochote bila intaneti. Kuna programu za kisasa za simu janja zinazofanya kazi hiyo hiyo. Menyu imebaki kwa sababu wateja wake wanaonekana: kila muamala una namba, na mingi ina ada. Anayelipa huhesabiwa. Katika programu huria watumiaji hawalipi, kwa hiyo hawana budi kujihesabisha kwa njia nyingine.

Afanye nini mkulima na mfanyabiashara

Jambo la kwanza ni kujua anachotumia. Kwenye mipangilio ya simu kuna sehemu inayoeleza aina ya mfumo na toleo lake. Katibu wa chama anapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha kompyuta ni ya aina gani, programu ya hesabu inaitwaje, toleo gani, na nani aliyeiweka.

Pili, kumbukumbu zisifungwe ndani ya programu moja. Uzito wa mazao, daraja, bei na malipo ya kila mwanachama vitolewe kila mwezi katika jedwali la kawaida linaloweza kufunguliwa na programu nyingine, vihifadhiwe mahali pawili, na muhtasari uchapishwe kwenye karatasi. Programu ikiachwa, chama kinapoteza chombo tu, hesabu zinabaki.

Tatu, kuuliza kabla ya kununua. Kijana anapokuja kuuza mfumo wa stoo au wa mauzo, aulizwe maswali manne. Ni nani anayeutunza? Hadi lini? Utafanya kazi kwenye simu walizo nazo wanachama leo? Yeye akiondoka, fundi mwingine anaweza kuuendeleza? Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, bei yake ishuke au mkataba uandikwe kwamba data zote zitakabidhiwa. Kuuliza si ujinga.

Nne, kujihesabisha. Miradi ya programu huria hupokea maoni kutoka popote, na tangazo la kuondoa kipengele kwa kawaida hutolewa mapema. Fundi wa chama, afisa ugani au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo anaweza kuandika kwa niaba ya kundi. Barua yenye uzito haisemi tu "msituondolee". Inasema ni watu wangapi wanatumia, kwa kazi gani, kwenye vifaa gani, na wangehitaji muda gani kuhama. Aandikaye baada ya kipengele kuondoka amechelewa.

Tano, kuchangia utunzaji. Chama kimoja hakiwezi kumlipa fundi wa kutunza toleo la zamani. Vyama kadhaa vinavyotumia mfumo mmoja vinaweza. Ruhusa ya programu huria ina thamani pale tu panapokuwa na mtu wa kuitumia.

Sita, kujua pa kuachia. Simu au kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama inaweza kuendelea kupiga hesabu za stoo bila kuunganishwa na intaneti. Isiwe ndiyo inayoshika nywila za benki na fedha za wanachama. Hapo uzee wa kifaa si suala la mazoea tena, ni suala la wizi.

Kwa upande wao watengenezaji, wakiwemo vijana wa Kitanzania wanaoandika programu za kilimo, wanadaiwa mambo matatu kabla ya kuondoa kitu: watoe taarifa mapema, waonyeshe njia ya kuhamisha data, na wawatafute wale wasioonekana kwenye takwimu zao. Safari moja ya kupanda barabara ya Mkuyuni hadi Matombo, na kuangalia ni simu gani ziko mikononi mwa watu siku ya soko, inaweza kuwaeleza jambo ambalo takwimu za intaneti haziwezi kulionyesha.

Programu haiwezi kubeba mizigo yote ya jana, na watunzaji wake wana haki ya kupogoa. Lakini anayepogoa shamba la wengi anapaswa kujua ni nani wanaokula humo, na wanaokula nao wanapaswa kujitokeza kupalilia. Chama ambacho hakijui leo kinatumia toleo gani la programu yake ya hesabu kina kazi ya kuanza nayo kabla ya msimu ujao wa mavuno.